Walburga Hallhuber na Makabati ya Maharusi wa Moosrain

Baba Paroko, watoto na wajukuu, ndugu wa ukoo wa Lechner na wa Hallhuber, wapiga tarumbeta wa kikosi cha zimamoto mliosimama huko nyuma na theluji mabegani, na ninyi wageni wa kutoka Munich mliokuja na viatu visivyofaa kabisa kwa njia zetu, nawasalimu nyote kwa huzuni na kwa heshima. Mimi ni Afra Lechner, mdogo wake marehemu, nimekabidhiwa na familia kusoma historia yake, kwa kuwa binti yake Rosina leo hana kifua cha kusoma, na kwa kuwa mimi, kama mnavyonijua, sauti ninayo. Rosina ameniandikia tarehe zote na akanisihi nisome zilizoandikwa tu, nisiongeze hata neno, nami nimemjibu sawa mwanangu, lakini tusidanganyane, nitaongeza.

Marehemu Walburga Hallhuber, ambaye kijiji kizima kilimwita Burgl, alizaliwa tarehe 25 Februari 1886, siku ya mtakatifu wake, hapa hapa Moosrain, akiwa mtoto wa kwanza wa seremala Kaspar Lechner na mkewe Ottilie, katika nyumba ile iliyo nyuma ya kinu, ambako alilala utoto wake wote akisikia randa ikipita kwenye mbao. Baba yetu alitengeneza makabati ya maharusi, na kwa ajili ya hao wageni niseme kwa ufupi tu kwamba huku kwetu bibi harusi haendi kwa mumewe mikono mitupu, bali siku chache kabla ya ndoa kabati lake hupandishwa juu ya gari la farasi, milango yote miwili ikiwa wazi ili kila mtu aone mashuka yake yalivyopangwa na kufungwa utepe, likapitishwa kijiji kizima, padre akalibariki mbele ya nyumba ya bwana harusi, ndipo likaingizwa ndani. Upande wa nje wa milango hupakwa watakatifu wawili, wa bibi harusi na wa bwana harusi, pamoja na waridi na njiwa, na mwanamke ambaye kabati lake halikubarikiwa ataishi katika nyumba ile kama mpangaji, hata azae watoto kumi.

Alianza shule hapa kijijini mwaka 1892, akamaliza mwaka 1899 akiwa na alama nzuri za hesabu na alama mbaya sana za utii, kisha akaingia karakanani kwa baba, ambako alikorogea rangi kwa maziwa ya mgando na chokaa kama mababu walivyofanya, na akaachiwa kupaka yale maua madogo ya pembeni. Hapo ndipo matata yalipoanzia, kwani asubuhi moja baba alikuta waridi zote za kabati la binti wa mwenye kinu zimepakwa buluu, akafoka, "We Burgl, tangu lini waridi ikawa buluu?" naye dada akamjibu bila kuinua kichwa, "Alfajiri huwa buluu, baba, toka nje ukaangalie." Baba akatoka kweli, na suruali yake ya kulalia, akasimama bustanini kitambo, akarudi ndani akanywa kahawa yake, na zile waridi zikabaki vile vile.

Mwezi Oktoba 1906 alikwenda Munich kusomea uchoraji katika shule ya wanawake, kwa sababu ile shule kubwa ya sanaa ya serikali haikuwa ikipokea wanawake, akapanga chumba kwa fundi cherehani mmoja mjane, na huko akakutana na vijana wenzake waliochoka kuchora watu wenye mabawa na meza za matunda, waliotaka mlima uwe na rangi ya jinsi unavyokugusa, siyo rangi iliyozoeleka. Tangu majira ya joto ya 1908 wakawa wanakuja naye hapa, wakipanga nyumba ya manjano kule mlimani, na kwa kuwa hawakuwa na fanicha walinunua viti vibovu na makasha ya zamani kwetu, wakayapaka wenyewe, wakapaka ngazi, wakapaka vitanda, wakapaka hata mizinga ya nyuki. Kijiji kilicheka mpaka machozi, na pale baa kila jioni ulisikia, "Jamani, wamesoma shule kubwa mjini ili waje kupaka mizinga, sijui nyuki ndio waliowaita!" Alipopeleka kiti chake kwenye maonyesho ya Munich mwaka 1910, bwana mmoja mwenye kofia ndefu alikitemea mate, dada akatoa kitambaa, akakifuta, akakikalia, akabaki amekikalia mpaka ukumbi ulipofungwa.

Tarehe 9 Mei 1911 alifunga ndoa takatifu katika kanisa hili na Korbinian Hallhuber, mchonga mbao aliyekuwa fundi karakanani kwa baba, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, shemeji yangu wa kweli. Sasa kwa desturi zetu bibi harusi hagusi kabati lake mwenyewe, ni la baba kutengeneza na la mtu mwingine kupaka, ila dada alikataa katakata, akajifungia karakanani wiki nzima, na lilipotolewa nje Jumamosi ya tarehe 6 Mei barabara yote ilisimama kulitazama. Mlango mmoja ulikuwa na Mtakatifu Walburga mwenye uso wa kijani na vazi la rangi ya chungwa, na mlango wa pili ulikuwa na Mtakatifu Korbinian pamoja na yule dubu wake aliyembebea mizigo hadi Roma, isipokuwa dubu alikuwa mwekundu kama kaa la moto, mkubwa kuliko mtakatifu mwenyewe, na nyuma yao mlima wa zambarau ulioegemea upande kama mtu anayesikiliza.

Watoto ndio walioanza kucheka, wakafuata wakubwa, na gari lilipofika mbele ya nyumba ya Hallhuber, paroko wa wakati ule, Mungu amrehemu, alilitazama kabati kwa muda mrefu akiwa ameshika maji ya baraka, kisha akauliza, "Hapa nimbariki nani, mtakatifu au dubu?" na watu wakacheka upya, naye akafunga kitabu chake akaondoka. Mama mkwe wa dada, Genoveva Hallhuber, aliyekuwa amesimama mlangoni na aproni nyeupe, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mhunzi, "Chumbani kwangu halali dubu, akalale na ng'ombe," na kweli kabati la dada yangu likapelekwa zizini, likawekwa pumba. Dada hakulia mbele ya watu. Jioni aliniita nyuma ya zizi akaniambia, "Afra, iko siku bibi harusi wa Moosrain atakuja mwenyewe kuniomba kabati, kwa mdomo wake, na litapita barabarani, na litabarikiwa, na mimi nitakuwepo," nami nikamwambia, "Dada, utangoja sana," maana nilidhani ni uchungu tu unaosema.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Vitus aliyezaliwa tarehe 15 Juni 1912, na Rosina aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1915, ambao walilala katika kitanda chenye samaki wa manjano pande zote, na walipoulizwa shuleni rangi ya samaki wakajibu manjano, wakachapwa. Vita vya kwanza viliwatawanya wenzake wa nyumba ya manjano, wengine wakarudi makwao, wengine wakafa, yeye akabaki, akilima viazi, akikamua ng'ombe, na alipomaliza hayo akapaka meza, viti, makasha na vitanda ambavyo Korbinian aliviunga. Katika miaka ya ishirini mjini walianza kumjua, wakanunua, wakaandika habari zake magazetini, makumbusho yakatundika picha zake, ila hapa Moosrain maharusi walikuwa wakiagiza makabati ya kiwandani, ya kahawia, yenye vanishi, bila mtakatifu hata mmoja, afadhali hayo kuliko ya Burgl. Akawa ananiambia, "Afra, mjini wananitundika ukutani, hapa kwetu hawaniweki hata jikoni," na hilo lilimuuma, nisidanganye, lilimuuma kila gari la bibi harusi lilipopita mbele ya dirisha lake na yeye akatoka kusimama barabarani kulitazama kama mtu mwingine yeyote.

Mwezi Oktoba 1937, wakati wa serikali ile ambayo sitaitaja jina mbele ya madhabahu, walikuja mabwana wawili na lori, wakitafuta picha zilizosemekana kuharibu akili za watu, wakashusha picha zake zote ukutani, na kwa kuwa ilikuwa saa ya chakula wakaketi wakala madonge ya unga na kabichi chachu ya Genoveva juu ya meza ambayo dada aliipaka mwaka 1913, kazi yake bora kupita zote kwa maoni yangu, viwiko vyao juu yake, wakimwaga mchuzi. Mmoja wao alipita zizini, akaliona lile kabati, akauliza, "Na hili nani kalipaka?" Hapo Genoveva, mama yule yule, akasimama mbele ya dubu mikono kiunoni akasema, "Hili la pumba? Kwani huko mjini siku hizi mnakula pumba? Chukua basi, na ng'ombe uwachukue, uwalishe wewe." Wakaondoka. Lori lilipopotea kwenye kona, alimwita mwanawe, "Korbi, ingiza kabati ndani, humu kuna unyevu," na Korbinian alipobaki ameduwaa, akamkaripia, "Unashangaa nini? Mimi nikimtukana mkwe wangu, ni mkwe wangu, wao ni nani?"

Baada ya hapo alikatazwa kuonyesha kazi zake, na maduka yakakatazwa kumuuzia rangi za mafuta, lakini hakuna aliyefikiria kupiga marufuku maziwa ya mgando, basi akarudia rangi za baba, na Genoveva akawa anateta kila siku, "Jibini yangu yote inaishia kwenye viti," huku akimletea bakuli jingine. Tarehe 19 Julai 1943 Vitus aliuawa vitani Urusi akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, hatuna kaburi lake, na dada yangu hakushika brashi kwa karibu miaka sita, alikuwa akiketi tu jikoni mikono juu ya mapaja.

Mwaka 1946 walipokuja wakimbizi kutoka mashariki, nyumba ya Hallhuber ilipewa msichana mmoja yatima kutoka Silesia, Hedwig Kunert, aliyefika na sufuria na koti la mwanamume, akakaa, akajifunza kukamua, na baada ya miaka mitatu akachumbiwa na Florian, mtoto wa mhunzi. Mnajua kijiji kilivyosema, wengine mmo humu ndani na mnanitazama, kwamba bibi harusi gani huyu asiye na baba wala gari wala shuka, ataingilia mlango wa nyuma. Hedwig alimwendea dada yangu bustanini, nilikuwepo nikipalilia vitunguu, akasema, "Mama Burgl, sina chochote cha kuweka ndani, lakini naomba unipakie kabati." Dada akatua ndoo. Akamuuliza, "Langu mimi? Umeliona lile la dubu?" naye Hedwig akamjibu, "Nalifuta vumbi kila Jumamosi, mama, ndiyo maana nimekuja kwako."

Korbinian akaunga mbao, dada akachukua brashi kwa mara ya kwanza tangu msiba, akampaka Mtakatifu Hedwig kwa jinsi anavyojulikana, viatu mkononi, miguu mitupu, ila akamweka kwenye barabara ndefu ya manjano chini ya anga jekundu, na upande wa pili Mtakatifu Florian na ndoo yake akimwaga maji ya kijani. Jumamosi ya tarehe 11 Juni 1949 kabati lilipandishwa garini milango wazi, na ndani halikuwa na kitu, mbao tupu, jambo ambalo hakuna mwanamke wa Moosrain anayeweza kulivumilia kwa macho, kwa kuwa kabati tupu kupita barabarani ni aibu ya kijiji kizima. Gari lilisimama mbele ya nyumba ya Hallhuber kabla ya kuondoka, watu wametazama chini. Ndipo Genoveva, akiwa na miaka themanini na sita, akatoka ameshikilia fimbo mkono mmoja na shuka zake za kitani mkono wa pili, zile alizojiwekea za kuzikiwa, akaziweka kwenye rafu ya kwanza, akageuka akawauliza wanawake, "Na ninyi, mnangoja tarumbeta?"

Walikimbia. Nawaambia niliwaona wanawake wenye miguu mibovu wakikimbia majumbani kwao, wakarudi na mashuka, foronya, vitambaa vya meza, taulo, mke wa mwenye baa akaleta duveti la manyoya ya bata alilokuwa amemwekea binti yake, na gari lilipofika kwa mhunzi milango haikuweza tena kufungwa. Baba Paroko, ulikuwa kijana wakati ule, ndiyo kwanza umefika kwetu, nakumbuka ulisimama mbele ya kabati ukamuuliza bibi harusi, "Huyu mtakatifu wenu anatembea kwenda wapi?" Hedwig akakujibu, "Amekwisha fika, Baba." Ukainua mkono ukabariki. Dada yangu alikuwepo, alisimama kando yangu, akanishika kiwiko kwa nguvu mpaka kikabaki na alama, na akalia pale pale barabarani, mbele ya kila mtu, bila kujificha.

Tangu siku ile hakupumzika tena. Walikuja mabinti wa Moosrain, wakaja wa ng'ambo ya ziwa, wakaja hata wa vijiji ambavyo zamani vilitutungia mzaha, wakamwagiza ng'ombe wa buluu, wakamwagiza miti ya waridi, na mama mmoja wa hapa hapa aliyetaka kumfundisha kazi, akamwambia, "Burgl, mpake huyo mtakatifu uso wa kawaida," alijibiwa na binti yake mwenyewe, "Mama, nyamaza, kabati ni langu." Makumbusho yalimrudia, wakaandaa maonyesho makubwa mwaka 1954 na gari likatumwa kumchukua, yeye akawajibu kwamba wiki ile ana bibi harusi, wasogeze maonyesho, na walisogeza.

Genoveva alitangulia mbele ya haki mwaka 1951, amezikwa na shuka ambazo Hedwig alimfumia, na Korbinian akamfuata tarehe 3 Novemba 1955, naye dada akaendelea peke yake kwa msaada wa mwanafunzi wa Korbinian. Mwaka 1959 alianza kusumbuliwa na baridi yabisi ya vidole, akawa anafunga brashi kwenye kiganja kwa utepe, na majira ya mapukutiko yaliyopita mapafu yakaanza kujaa maji. Alitibiwa nyumbani na Daktari Ammersdorfer, ambaye alimkataza karakana, na ambaye alimkuta karakanani kila alipokuja, mpaka akaamua kumpimia huko huko. Jumanne ya tarehe 23 Januari 1962, saa moja na nusu asubuhi, akiwa kitandani, Rosina akiwa upande mmoja na mimi upande wa pili, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, ameacha binti mmoja, wajukuu wanne, mdogo mmoja mwenye mdomo mrefu, na makabati yaliyojaa nguo katika nyumba za watu.

Kwa niaba ya familia namshukuru Daktari Ammersdorfer kwa uvumilivu wake, masista wa hospitali ya wilaya waliotuazima mtungi wa hewa, majirani waliofagia theluji mlangoni bila kuombwa, kikosi cha zimamoto waliombeba, Hedwig na Florian waliokesha naye, na mafundi wenzake pamoja na wachoraji waliotoka mbali, na wote tunawakaribisha baada ya hapa kwa supu na bia, ila mpanguse viatu.

Na namshukuru Zita Obermooser, aliyekaa pale safu ya tatu na mchumba wake Leonhard, hebu simama mwanangu wakuone, ambaye kabati lake ndilo lililokuwa karakanani siku dada alipoondoka, mlango wa kulia umekamilika, Mtakatifu Zita na mkate wake chini ya mlima wa zambarau, na mlango wa kushoto umepigwa rangi nyeupe ya chini tu. Juzi bwana mmoja wa makumbusho, naye yumo humu, alimwendea akamwambia, "Binti, hii ni kazi yake ya mwisho, haifai kutumika, tuachie sisi, utapewa kabati jipya la mwaloni," naye Zita akamjibu, "Na mashuka yangu niyaweke wapi, bwana, mfukoni mwako?" Mwanafunzi wa Korbinian akajitolea kuumalizia ule mlango mweupe, Zita akakataa, akasema hakuna mkono mwingine utakaougusa. Leonhard, maskini, akauliza, "Sasa mimi ndiyo sina mtakatifu?" Zita akamwambia, "Wewe utasimama hapo mwenyewe, na uwe mwema."

Gari lake litapita Jumamosi ya tarehe 10 Februari, milango wazi, na Baba Paroko amekwisha sema atabariki yote miwili.

Tumekuoshea brashi zako, dada Burgl. Pumzika sasa, kwa amani, gari likipita, barabarani tutasimama sisi.